Vepu imekataa kushika? Maswali ya kila siku kuhusu kusafisha koneksheni

Mimi ni fundi wa simu hapa Kisumu, kibanda yangu haiko mbali na soko ya Kibuye, na kazi yangu ya kawaida ni skrini, matundu ya chaja, redio za wazee na zile taa za wavuvi wa omena zikiingia maji. Lakini hii miaka ya karibuni vepu, zile sigara za umeme, nazo zimeanza kuletwa, na nikikuambia ukweli nyingi zinazoletwa ati "imekufa" hazijakufa, ni chafu tu pale umeme unapita. Nimechoka kurudia maneno yale yale bisibisi ikiwa mkononi na foleni iko nje, so nimeandika hapa yote, soma kwanza alafu ndio ulete.

Na kabla tuanze: kama hujafika miaka 18 hii ukurasa si yako, na hata kibandani sikuhudumii. Ukiificha sare ya shule kwa begi nitajua tu, viatu vinakuuza.

Koneksheni ni gani hasa? Mimi naona vyuma tu.

Ni mahali popote umeme unaruka kutoka kwa kipande kimoja kwenda kingine bila kuchomelewa. Kwa vepu za podi, yaani kale kakopo ka juisi ya kuvuta, zile unachomeka na inashikwa na sumaku, ukitoa podi utaona chini kuna vipini viwili ama vitatu vya rangi ya dhahabu, mara nyingi viko na springi ukivibonyeza vinarudi. Podi nayo iko na vidoa vyake vya chuma vinavyokaa juu ya hivyo vipini. Hapo ndipo kila kitu.

Kwa zile za kufunga tangi la juisi kama skrubu, zile watu wanaita 510, shimo lake lina kipenyo cha milimita 7 na kutoka jino hadi jino ni nusu milimita. Pini ya katikati ni pozitivu, meno yenyewe ni negativu, na katikati yao kuna karingi kadogo ka plastiki ama raba kanakozuia hizo mbili zisigusane. Kakaringi hako kakiharibika umepata shoti, kariri hiyo juu tutarudi hapo.

Alafu kuna mahali betri inakaa, kama yako ni ya kutoa betri, na tundu la chaja. Basi, hakuna siri ingine.

Uchafu kidogo hivyo unawezaje kuzima kitu mzima?

Hili swali nalipenda kwa sababu jibu lake ni hesabu, na hesabu haidanganyi mtu.

Koili ni kale kawaya kanakochemsha juisi, na omu ni kipimo cha vile kitu kinazuia umeme. Chukua koili ya omu 0.2, zile za moshi mwingi. Betri ya volti 3.7 ikisukuma hapo unapata ampea 18.5, hiyo ni kama wati 68. Ampea 18.5! Soketi ya ukutani nyumbani kwako imeandikwa 13. Sasa weka uchafu kwa koneksheni, uchafu mdogo tu wa omu 0.05, kitu ambacho hata jicho halioni. Jumla inakuwa omu 0.25, umeme unashuka hadi ampea 14.8, koili inapata wati kama 44 badala ya 68, na pale kwenye uchafu wenyewe zinabaki wati 11 za moto. Wati 11 ni balbu ya enaji seva, imewaka ndani ya kapini kenye ukubwa wa punje ya mtama. Ndio maana unashika shingo ya vepu unasikia imechemka na moshi hautoki vizuri, alafu unalaumu juisi.

Kwa koili ya omu 1, ile ya podi za kawaida, uchafu huo huo unakula wati 0.6 tu na koili inashuka kutoka 13.7 hadi 12.4. Hutasikia hata tofauti. So mwenye koili ndogo ya omu lazima awe msafi zaidi, huyo mwingine anaweza kuwa mvivu kiasi.

Vepu zenye kompyuta ndani zinajaribu kujirekebisha, lakini zinasoma uchafu kama sehemu ya koili, ndio unaona omu inarukaruka kwa skrini, saa hii 0.21, ukitikisa 0.28, ukikaza 0.20. Ukiona namba inacheza hivyo usinunue koili mpya kwanza. Safisha.

Lakini mimi sijamwaga kitu, huo uchafu unatoka wapi?

Unatoka kwako mwenyewe ukivuta. Juisi ni propilini glaikoli na gliserini pamoja na ladha na nikotini, na hizo mbili za kwanza zinapenda maji sana, zinayavuta kutoka kwa hewa. Mvuke unaobaki kwa bomba la kuvutia unapoa, unageuka matone, unateremka chini ya podi. Huko si kuvuja, ni jasho ya kawaida tu. Lakini ikikaa hapo inashika vumbi, inakuwa gundi, na ule unyevu unaanza kula chuma polepole. Na hapa kwetu Kisumu na hili joto juisi inakuwa nyepesi, inapita mahali haikutakiwa kupita.

Sasa kuna moja watu wengi hawajui. Mteja wangu mmoja anafanya kazi Nakuru, na kila akitoka hapa Jumapili na matatu ananiletea malalamiko wiki ingine kwamba vepu ilikojoa kwa mfuko. Nikamuuliza ulikuwa umejaza podi nusu? Ndio. Hiyo ndiyo shida. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Kericho imepita 2,000, na barabara inazidi kupanda kabla uteremke Nakuru kwenye 1,850. Hewa ya nje inapungua nguvu, ile hewa uliyofungia ndani ya podi Kisumu inapanuka, na ikipanuka inasukuma juisi ipitie koili iende chini kwenye pini. Ni kama pakiti ya krisps inavyovimba ukifika juu huko. Dawa yake ni rahisi: toa podi, ibebe imesimama ndani ya kamfuko ka plastiki, ama safiri ikiwa imejaa kabisa ama iko tupu. Imejaa hakuna hewa ya kupanuka, iko tupu hakuna cha kumwagika.

Vumbi nayo sisemi. Watu wa Nakuru wasinikasirikie, lakini hata jina la mji huo inasemekana limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Na kama unafanya kazi jua kali karibu na grainda, kuwa macho mara mbili, sumaku ya podi inavuta unga wa chuma. Nilifungua moja ya fundi wa mageti, ilikuwa na ndevu. Ndevu kabisa za chuma kati ya pini na pini, na hiyo ni shoti inangojea siku yake.

Nisafishe na nini?

Isopropili ya asilimia 99, hiyo ni aina ya spiriti, ndiyo mfalme, inauzwa kwa maduka ya vifaa vya elektroniki, inakauka haraka na haiachi kitu nyuma. Ukikosa, nenda kemisti uulize spiriti ya kusafisha vidonda, ile ya asilimia 70 hivi. Inafanya kazi, ila hiyo ingine 30 ni maji, so iache ikauke muda mrefu zaidi, mimi huipa nusu saa.

Vijiti vya pamba vya masikio, tishu, mswaki mzee laini, kijiti cha meno cha mbao. Hiyo ndiyo karakana yote. Kitu ingine: spiriti inashika moto upesi, hata mvuke wake, usifanye hii kazi kando ya jiko ama ukiwa umewasha sigara ya kawaida, nimeona wasee wakifanya hivyo, wawili wawili, moja mdomoni ingine mkononi.

Na usifute tangi la plastiki ngumu inayong'aa na spiriti. Aina zingine za plastiki zinapata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Tangi osha na maji ya vuguvugu. Spiriti ni ya vyuma.

Sanitaiza je? Bado niko na lita mbili tangu korona.

Hapana. Hata ile ya maji maji, ile ya fomula ya WHO, imewekwa gliserini asilimia 1.45 ili isikaushe mikono. Gliserini! Kitu ile ile unajaribu kutoa. Ya jeli ni mbaya zaidi, inaacha ngozi nyeupe juu ya pini.

Petroli? Watu wa boda wanasafisha nayo plagi.

Plagi ya pikipiki haikai mdomoni mwako. Petroli inaacha harufu na mafuta, inakula raba na plastiki, na ikibaki ndani utaivuta. Mafuta ya taa vilevile. Ile dawa ya kupuliza kwa bawaba za mlango pia usiguse, inaacha utando wa mafuta unaokusanya vumbi, na mafuta yakipashwa na koili yakaingia mapafuni si mchezo. Vaselini weka miguuni. Dawa ya kutoa rangi ya kucha inayeyusha plastiki, nilishaletewa podi imekuwa kama chingamu.

Na kwa yule alieniuliza kuhusu chang'aa, na sitamtaja lakini anajijua: omera, hiyo ni maji na vitu hata mpishi hajui. Kama iko kali vile unasema, jiulize kwa nini unaimeza.

Nionyeshe venye wewe unafanya.

Kwanza zima. Nyingi za kitufe ni kubonyeza mara tano haraka. Kama betri inatoka, toa. Usianze kuchokoa pini betri ikiwa ndani na uko na kitu ya chuma mkononi, ukigusa pini na meno kwa pamoja umetengeneza shoti na mkono wako ndio uko hapo.

Vaa glavu kama uko nazo ama ushike na tishu, kwa sababu juisi yenye nikotini inaingia kwa ngozi, na ikimwagika kwako osha na maji na sabuni mara moja. Watoto wasikae karibu. Nikotini ni sumu, tone ambalo wewe hulihisi mtoto mdogo atalisikia vibaya.

Toa podi, funika bomba na tishu, kung'uta. Alafu chukua tishu kavu ufute maji maji yote kwanza, hii hatua watu huruka wanakimbilia spiriti, na spiriti ikikutana na juisi nyingi inaisambaza tu ndani zaidi. Kavu kwanza. Kisha kijiti cha pamba, chovya spiriti, kikamue kwa ukingo wa chupa hadi kisidondoke, zungusha juu ya pini na kando yake huku umegeuza mdomo wa vepu uangalie chini, ili kama kuna tone litoke lisiingie. Badilisha kijiti. Rudia mpaka kijiti kitoke cheupe, kwa kawaida ni vitatu ama vinne, ile ya yule fundi wa mageti ilikula kumi na moja.

Sasa fanya chini ya podi pia. Watu wanasafisha mwili wa vepu wanarudisha podi ikiwa na uchafu wake, ni kama kuoga ukavaa nguo ya jana. Kwa meno ya 510 tumia mswaki laini wenye spiriti kidogo, fuata mzunguko wa meno, alafu kijiti kwa pini. Acha dakika 15 kama ni ya 99, nusu saa kama ni ya kemisti. Usipashe na moto, usiweke juani juu ya mabati, betri ya lithiamu na jua la saa saba ni maadui.

Usipake kitu chochote baada ya hapo. Koneksheni safi ni koneksheni kavu.

Kuna katundu kadogo kati ya pini, nako nisafishe?

Simama hapo hapo. Hako katundu kwa vepu zisizo na kitufe ndiko hewa inapita kwenda kwa sensa, na sensa ndiyo inajua umevuta. Ukimwaga spiriti hapo unaipeleka pamoja na uchafu wote hadi kwa sensa. Na ikilowa kuna mambo mawili: ama haiwaki hata uvute hadi mashavu yaingie, ama inajiwasha yenyewe ikiwa mezani, unasikia tsss na hakuna mtu ameishika. Hiyo ya pili ni hatari, toa podi mara moja uiache bila podi.

Kama juisi tayari imeingia huko, kunja tishu iwe kama uzi, iguse tu mdomo wa katundu, ivute unyevu yenyewe. Usisukume. Laza vepu ikiangalia chini juu ya tishu usiku mzima. Zinarudi, si zote lakini nyingi. Na usipulize na mdomo, unaongeza mate.

Skrini inasema hakuna atomaiza na iko hapo nimeifunga kabisa.

Atomaiza ni lile tangi na koili yake. Kama umesafisha na bado inasema hivyo, pini imezama. Na iliyozama mara nyingi ni wewe uliizamisha, kwa kukaza kama unafunga nati ya trekta. Tangi linakazwa kwa vidole viwili hadi lisimame, basi. Ukizidisha unabonyeza pini chini, na ile ringi ya plastiki niliyokuambia inafinyika, siku moja pini inagusa meno na skrini inabadilisha wimbo inaanza kusema shoti.

Betri ikiwa nje, ingiza kijiti cha meno cha mbao chini ya ukingo wa pini uiinue kidogo sana, unene wa kucha unatosha. Zenye springi hazihitaji hivyo, hizo bonyeza mara kadhaa uone kama zinarudi, zikikwama ni gundi ya juisi iko ndani, tone moja la isopropili alafu bonyeza bonyeza, futa, tone lingine. Ringi ikiwa imeungua ama imetoka, leta kwa fundi, ama kama kifaa chenyewe ni cha bei ya chini sahau.

Naona rangi ya kijani. Na ingine nyeusi.

Kijani ni shaba inalika. Maana yake ni ule urembo wa dhahabu ama nikeli juu umeisha na unyevu umefika kwa shaba chini yake. Nyeusi inaweza kuwa juisi iliyoungua, ama alama za cheche pale koneksheni ilikuwa inagusa na kuachia.

Kwa zote mbili anza na spiriti. Ikikataa chukua raba ya kufutia penseli, ile laini nyeupe, kata kipembe kidogo, sugua polepole mara chache kisha futa ule unga wote. Msasa hapana. Stili wulu ya sufuria hapana kabisa, kwanza inakwangua kile kidogo cha dhahabu kilichobaki, ambacho unene wake ni wa kuhesabiwa kwa sehemu za elfu za milimita moja, pili inaacha vinyuzi vya chuma ambavyo vinatengeneza shoti. Msasa utakupa wiki mbili za raha na baadaye kutu inakuja mbio kuliko mwanzo, juu sasa hakuna kitu ya kuizuia. Naona hii kila wakati na naumia, kwa sababu mtu anakuja akiwa amejivunia ameing'arisha.

Mzee wangu husafisha tochi na ndimu. Naweza?

Mzee wako yuko sawa kwa tochi. Betri za alkalini zikivuja zinatoa potasiamu haidroksaidi, ikikutana na hewa inakuwa ule unga mweupe, na hiyo ni besi, so asidi ya ndimu ama siki inaituliza. Lakini ndani ya vepu hakuna alkalini, kuna lithiamu, na uchafu wa kwenye pini ni juisi, si besi. Ndimu itaongeza asidi na sukari juu ya shaba yako, alafu siafu watakuja.

Na kama kitu kinavuja kutoka kwa betri ya lithiamu yenyewe, harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha, ama imevimba, hakuna kusafisha. Hiyo imeenda.

Betri yangu ni ya kutoa, kuna kitu natakiwa kufanya nayo?

Zile kubwa zinaitwa 18650 kwa sababu zina upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Futa ncha mbili na kijiti chenye spiriti kidogo, futa na sahani za chuma ndani ya vepu, kausha, rudisha. Kazi ya dakika mbili.

Cha maana zaidi ni kale kanailoni kamevaa. Watu wanafikiri kule chini tu ndio negativu, hapana, lile kopo lote la chuma ni negativu kutoka chini hadi kwenye bega la ile ncha ya pozitivu. Kanailoni kakichanika pale juu, kati ya pozitivu na negativu imebaki nafasi ndogo sana. Kijana mmoja wa boda alikuja kwangu na suruali imetoboka pajani, alikuwa ameweka betri mfukoni pamoja na funguo za pikipiki na sarafu. Yeye alikuwa anauliza kama betri itapona. Nikamuuliza na mguu?

Beba betri kwa kikopo chake cha plastiki, hata kikopo cha dawa kinachofungika vizuri. Nailoni ikichanika ibadilishwe, na usifunge na selotepu.

Vepu inashika vizuri lakini haichaji.

Hapa mara nyingi ni nyuzi za mfuko na vumbi zimejaa kwa tundu la chaja, zimeshindiliwa na kebo kila siku hadi zimekuwa kama tofali. Zima, geuza tundu liangalie chini, kwangua na kijiti cha meno cha mbao taratibu kando kando. Si sindano, si pini ya nywele. Kama kuna juisi ndani, kijiti kile kile kizungushie pamba kidogo yenye isopropili, na usichomeke chaja mpaka kesho yake. Tundu lenye unyevu likipewa umeme ndio linaungua.

Kuna kitu ingine inachanganya watu, wanakuja wakisema tundu limekufa kumbe ni kebo. Vepu zingine za bei nafuu ziko na tundu la aina ya C lakini aliyezitengeneza hakuweka vizuizi viwili vya umeme (rezista) vya omu 5,100 ambavyo vinaambia chaja "niko hapa". Ukitumia kebo yenye C pande zote mbili, chaja haijui kama kuna kitu, haitoi umeme. Chukua kebo ya kawaida, upande mmoja ile ya mstatili ya zamani, itachaji papo hapo. Nishawahi kumrudishia mteja vepu bila kuifungua, nikampa tu kebo, akanitazama kama nimemroga.

Na usilale inachaji kitandani. Stima ikipotea na kurudi usiku ni mambo yake, wewe usiwe umelalia.

Ilianguka ziwani Dunga nikila samaki. Niweke kwa mchele?

Pika huo mchele ule na hiyo samaki. Mchele hautoi maji yaliyo ndani.

Bahati yako maji ya ziwa letu si ya chumvi, ya Mombasa ingekuwa imeisha hapo hapo. Lakini yana matope na uchafu mwingine. Usiiwashe, usichaji hata kujaribu. Kama betri inatoka, toa, na hiyo betri iliyozama usiitumie tena. Mwili mwaga maji, pitisha isopropili kwa koneksheni ili isukume maji, acha mahali penye hewa siku tatu nne. Kama betri iko ndani imefungwa, ushauri wangu ni uiache. Weka nje ya nyumba juu ya mchanga ama simiti, mbali na vitu vya kuungua, uangalie kama inavimba ama kupata joto.

Usiichome na takataka za nyuma ya nyumba, na usimpe mtu wa chuma chakavu bila kumwambia iko na betri, huyo atakuja kuipiga nyundo. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za elektroniki, mimi hukusanya zangu kwa debe la mchanga mpaka nipate mtu wa kwenda.

Nisafishe mara ngapi?

Kavu, kila ukijaza juisi. Na spiriti, wiki mara moja, ama kila ukibadilisha koili. Ukitoka safari ya kupanda milima, siku hiyo hiyo.

Naweza kupima mwenyewe na mita ya fundi, ile ya kupima omu, kama imekuwa safi?

Unaweza, lakini ujue mita ya bei ya chini inakudanganya kwa omu ndogo. Gusanisha ncha zake mbili kwanza uone, itakuonyesha 0.2 ama 0.3 bila kupima chochote, hiyo ni waya zake zenyewe. Toa hiyo namba kwa jibu lako. Kwa koili ya omu 0.2 hata hivyo usiiamini, itumie tu kuangalia shoti: gusa pini ya katikati na meno, betri na tangi zikiwa nje, ikipiga kengele kuna kitu kinagusana.

Nimefanya yote na bado inakataa.

Weka koili mpya ama podi mpya kabla uje. Ikishika, ulikuwa unasafisha kitu kizima na mgonjwa ni koili. Ikikataa na podi mpya safi, tatizo liko kwa bodi ama waya ndani, na kama ni ile ya kutupa usiifungue na kisu, betri iko hapo chini ya plastiki na kisu hakijui. Nyingi za hizo za kutupa sizifungui hata mimi.

Kusafishiwa ni pesa ngapi?

Mia mbili. Ukija ukiwa umeshapitisha msasa, mia tano na maneno juu.

Na wewe fundi unavuta gani?

Mimi sivuti. Napima na mita.